Nani Aliilowesha Komfota ya Bryndis?

Kila Jumamosi asubuhi, mara tu baada ya kunywa uji, Sunneva alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko hata kuzoa samadi ya kondoo. Kazi hiyo ilikuwa kubadilisha foronya za duveti. Pale Svanavik, shamba lililokuwa ukingoni mwa bahari magharibi mwa Aislandi, kila mtu alikuwa na duveti yake, nyepesi kama povu, iliyojazwa manyoya mororo ya bata bahari. Duveti yenyewe ilifuliwa mara chache sana. Kilichofuliwa kila wiki ni foronya, yaani ule mfuko mkubwa wa kitambaa ambao duveti huingizwa ndani yake na kufungwa vifungo. Kuivua foronya kulikuwa rahisi. Vita vilikuwa katika kuivisha.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa Mei, Sunneva alijiingiza mwenyewe ndani ya foronya akizitafuta pembe za juu. Alipotaka kutoka, mlango hakuuona. Mdogo wake wa kiume, Kari, mtoto wa miaka sita, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Bibi! Bibi, njoo uone! Dada kageuka jini!"

"Nikikushika nitakutafuna masikio!" Sunneva alinguruma kutoka ndani ya kitambaa, huku akigonga kabati kwa kiwiko.

Bibi Ragna akapanda ngazi taratibu, akamfungulia vifungo. "Miaka kumi na mitatu, bado unamezwa na foronya," alisema akitabasamu. "Shika pembe mbili kwa ndani, ukung'ute. Basi."

"Bibi, watu wa mjini hawahangaiki hivi. Akina Bryndis wana komfota. Imeshonwa yote pamoja, kitambaa cha juu, cha chini na pamba ya katikati. Unaitandika mara moja tu, kazi imekwisha."

"Na ikichafuka?"

"Haichafuki," Sunneva alijibu kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kufua komfota hata siku moja.

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha tu. Sunneva alikuwa karibu kupata kipaimara, na katika ukoo wao kijana aliyepata kipaimara alipewa matandiko mapya, ya mtu mzima, ambayo angelalia miaka na miaka. Mama yake, Alda, aliyeendesha shamba lile wakati baba yuko baharini katika meli ya uvuvi, alikuwa amemwachia achague mwenyewe. Akitaka duveti, angekwenda visiwani kukusanya manyoya kwenye viota vya bata, ayasafishe, kisha washone. Akitaka komfota, wangeinunua dukani. "Uniambie kabla sijaenda mjini wiki ijayo," mama alisema. "Ila fikiri vizuri, maana zawadi ya kipaimara haibadilishwi kama soksi."

Mchana wa siku hiyo basi lilimshusha Bryndis barabarani. Alikuwa binamu yake Sunneva, binti wa mjomba wake, na alikuja kutoka Reykjavik kusaidia msimu wa kondoo kuzaa. Mkononi alishika kibegi kidogo cha nguo, na mgongoni alibeba furushi lililomzidi kimo.

"Umehama na nyumba yenu?" Sunneva alimuuliza huku akimkumbatia.

"Ni komfota yangu. Mama amesema huku mtu anaweza kuganda akiwa hai."

Walipoifungua chumbani, Sunneva alishika mdomo. Ilikuwa ya rangi ya zambarau, nene, imeshonwa miraba miraba, na kila mraba ulikuwa na nyota ya fedha. Alijilaza juu yake akanyoosha mikono.

"Tubadilishane," alisema. "Wewe ulalie duveti yangu, mimi nilalie hii. Wiki moja tu."

Bryndis alisita. "Sawa. Lakini usiichafue, tafadhali. Mama alininunulia siku yangu ya kuzaliwa."

"Kwani mimi nguruwe?"

Asubuhi iliyofuata Bryndis alishuka jikoni nywele zimesimama timtimu na uso umeng'aa. "Shangazi, duveti hii ina nini? Haina uzito, halafu ina joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi! Nilidhani nimelala nimefunikwa na hewa."

"Na mimi nimetandika kitanda kwa kurusha mara moja tu!" Sunneva naye alijigamba. "Sijapigana na kifungo hata kimoja."

Bibi Ragna aliwatazama, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Haya. Kila mmoja amependa cha mwenzake. Tutaona."

Siku zile hapakuwa na muda wa kukaa. Kondoo walizaa mfululizo, asubuhi na jioni, na kila mwenye mikono alihitajika bandani. Bryndis alijifunza kumkausha mwanakondoo kwa nyasi na kumtafutia chuchu ya mama yake. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya tano alikuwa akiwafokea kondoo kama mchungaji wa zamani. Kondoo mmoja alizaa watoto watatu, akamkataa yule mdogo kabisa, mwenye doa jeusi jichoni. Wakamwita Flekka, wakamweka jikoni katika sanduku lenye nyasi karibu na jiko, na Kari akapewa kazi ya kumnyonyesha kwa chupa.

"Sheria ni moja," mama aliwaambia wote watatu. "Mwanakondoo hapandi ghorofani. Hata alie kwa sauti ya kinanda."

Siku ya tatu au ya nne ikaja mvua yenye upepo mkali. Sunneva alikuwa ameamka alfajiri kukaa zamu bandani, na baada ya chakula cha mchana mama alimwambia akapumzike. Bryndis na Kari walibaki bandani na mama, ingawa Kari hakukaa mahali pamoja, alitoka na kuingia apendavyo. Bibi alikuwa kwenye kibanda cha kukaushia samaki. Sunneva alipopita jikoni, Flekka alinyanyua kichwa, akalia kilio chembamba cha kukata maini.

"Nyamaza basi," Sunneva alimnong'oneza. "Una baridi? Hata mimi."

Akamwingiza ndani ya sweta, akapanda naye ngazi. Alijiambia ni kwa dakika chache tu. Akajifunika komfota, Flekka akajikunja tumboni pake, na wote wawili wakalala fofofo.

Kilichomwamsha ni joto. Mwanzo lilikuwa joto zuri, kisha likasambaa, kisha likaanza kupoa. Sunneva alifunua. Flekka alimtazama kwa macho ya upole, kama anayesubiri kushukuriwa. Nyota tatu za fedha zilikuwa zimelowa chepechepe.

"Toba! Flekka, umefanya nini?"

Alimkimbiza sandukuni, akarudi mbio, akapangusa kwa taulo. Alipopangusa juu, maji yakajaa kutoka ndani. Duveti angeivua foronya yake, akaitia kwenye mashine kabla hajaonekana na mtu. Hii angeivua nini? Akaigeuza upande mkavu ukawa juu, akaitandika vizuri, akavaa koti la mvua na kurudi bandani kabla hajaitwa.

Jioni, kabla ya chakula, Kari alipanda chumbani kwa dada yake kuruka ruka kitandani, kama ilivyokuwa desturi yake. Bryndis alimfuata kuchukua soksi kavu. Baada ya muda mfupi sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Nani kakojoa kwenye komfota yangu?"

Walipofika wote, Bryndis alikuwa ameishika komfota kwa ncha za vidole. Kari alisimama kando, na suruali yake, kwa kukaa pale palipolowa, ilikuwa imelowa nyuma. Mama aliitazama suruali. Bibi aliitazama suruali.

"Sio mimi!" Kari alisema upesi. "Mimi niliacha kukojoa kitandani tangu Krismasi!"

"Hakuna anayekugombeza, baba," mama alisema kwa upole, kisha akamgeukia Sunneva. "Wewe ulikuwa hapa mchana. Kari alikuja kulala nawe?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake dogo zaidi. Sunneva alilitazama dirisha.

"Ndiyo," alisema.

Kari alimkodolea macho dada yake. Akaangua kilio, akakimbilia chumbani kwake. Bibi akafungua kabati la ushoroba, akatoa ule mpira wa kutandika chini ya shuka, ambao ulikuwa umekunjwa humo tangu Krismasi, akautandika tena kitandani kwa Kari.

Kesho yake walifua komfota. Mashine iliikataa: waliposukuma robo tatu, mlango haukufungika. Basi wakaitia kwenye bafu, wakaikanyaga kwa miguu kama wakanyagao udongo. Ilikunywa maji mpaka ikawa nzito kama kondoo dume aliyezama. Ilichukua watu watatu kuitoa nje na kuianika, na upepo wa baharini ulipoivuta, nyuzi dhaifu za mishono zikaachia moja baada ya nyingine. Pamba yote ikateremka chini na kukaa mafungu mafungu kama viazi ndani ya gunia. Juu palibaki vitambaa viwili vitupu vikipiga makofi.

Bryndis alisimama chini ya kamba akitokwa na machozi. "Mama atasema nini?" Kisha akamwona Kari amejificha nyuma ya pipa, akajifuta uso haraka. "Usijali, Kari. Najua hukufanya makusudi."

Sunneva alisikia maneno hayo, akajifanya anakaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Wakati wa chakula cha jioni Kari alisukuma mbali gilasi yake ya maziwa. "Sitaki. Nikinywa nitakojoa." Hakuna aliyeweza kumshawishi. Baadaye, Sunneva alipokuwa kitandani, mlango ulifunguliwa polepole. Nje bado kulikuwa kweupe. Majira hayo jua halina haraka ya kuzama. Kari aliingia miguu mitupu, akasimama kando ya kitanda.

"Dada, hivi mtu anaweza kwenda kulala, akakojoa, kisha asikumbuke?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi sikumbuki kabisa. Nimejaribu kukumbuka tangu jana. Lakini wewe umesema ndiyo, na wewe huwa hunidanganyi." Akakuna pua. "Basi labda mimi ni mgonjwa."

Sunneva alijiinua kwa kiwiko. Alikuwa amejifunika duveti ya akiba ya Bibi na blanketi la sufu juu yake, lakini tangu jana baridi ilikuwa haimtoki mwilini. Alifunua matandiko yote, akashuka kitandani, akamshika Kari mkono.

"Wewe si mgonjwa. Njoo."

Jikoni, mama, Bibi na Bryndis walikuwa wakila mkate na kahawa baada ya kazi. Sunneva alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amepanga maneno mazuri alipokuwa akishuka ngazi, lakini yote yalimtoroka.

"Sio Kari," alisema. "Ni Flekka. Nilimpandisha juu, nikalala naye ndani ya komfota, akakojoa. Mama aliponiuliza nikasema ndiyo. Nilidanganya."

Flekka, kana kwamba amesikia jina lake, akalia sandukuni: "Meee!"

"Kwa hiyo si mimi?" Kari aliuliza.

"Si wewe. Nisamehe, Kari. Nilikusingizia."

Kari alivuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda, kisha akaenda kusimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni. "Wee Flekka! Kumbe mkojozi ni wewe! Mtu mzima na doa lako usoni!"

Bibi aliziba mdomo kwa leso. Mama aliangalia pembeni. Lakini Bryndis hakucheka.

"Siku mbili nambembeleza mtoto asiye na kosa," alisema, "na wewe umekaa kimya unanitazama! Komfota ningekusamehe, Sunneva. Ungeniambia tu. Lakini huyu je?"

Mama akasimama. "Bryndis amesema yote niliyotaka kuyasema, kwa hiyo sitarudia. Kupandisha mwanakondoo ni kosa dogo, lingekugharimu kazi ya asubuhi moja. Kumtwika mdogo wako mzigo wako ni kosa kubwa. Umelisema mwenyewe, tena bila kushikwa, na hilo nimeliona. Sasa kesho utalirekebisha. Kari, kalete ule mpira wa kitandani kwako."

Kari alipanda ngazi mbio, akarudi akiuburuta mpira. "Niutupe baharini?"

"Mpe anayestahili," mama alisema.

Kari akautandika kwa makini ndani ya sanduku la Flekka, chini ya nyasi, akisema, "Mpaka Krismasi, Flekka. Ukiacha, tutakutolea." Hapo hata Bryndis alishindwa kujizuia. Kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililoziba. Kari akarudi mezani akaomba maziwa yake, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Siku iliyofuata meza ya jikoni iligeuka kiwanda. Komfota ilikuwa imekauka usiku kucha katika chumba chenye joto cha boila, mtambo wa maji moto. Sunneva alifumua mshono wa upande mmoja, akayatoa mafungu ya pamba, na Bibi akamwonyesha namna ya kuyachambua kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka kila fungu likafumuka na kuwa wingu. Alianza peke yake. Kisha Kari akaja, akajibandika pamba kidevuni.

"Mimi ni mchungaji wa kanisa letu. Tusimame tuimbe."

Bryndis, aliyekuwa amekaa kando na kitabu, alikitazama kidevu hicho, akafunga kitabu. "Sogea, mchungaji. Unachambua kama unakamua ng'ombe." Akavuta kiti karibu na Sunneva. Mara Flekka alipita chini ya meza, akanusa pamba, akapiga chafya, na pamba ikaruka ikatua juu ya kikombe cha Bibi.

"Nitakunywa kahawa yenye ndevu leo," Bibi alisema, na binamu wale wawili wakaegemeana kwa kicheko.

"Bado nimekasirika," Bryndis alisema akijifuta macho.

"Najua."

"Lakini kidogo tu sasa."

Walipomaliza kuchambua, waliitandaza pamba sawasawa kati ya vile vitambaa, na Sunneva akashona miraba upya, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikauma. Mishono yake haikunyooka kama ya kiwandani. Nyota nyingine zilionekana kama zimelewa. Lakini pamba ilikaa mahali pake, na Bibi alipoivuta kwa nguvu haikuachia hata uzi. Kisha Sunneva mwenyewe akaomba simu, akampigia mama yake Bryndis na kumweleza mambo yote, bila kuruka hata lile neno "ndiyo".

"Na huyo mwanakondoo hajambo?" sauti ya upande wa pili iliuliza.

"Hajambo, mke wa mjomba. Ananenepa."

"Afadhali. Nasi tutazungumza vizuri nikija kwenye kipaimara chako. Asante kwa kuniambia wewe mwenyewe."

Jumamosi ilipofika, jua liliwaka na bahari ilikuwa tulivu. Mama aliwasha gari, akateremsha kioo. "Haya, bibi arusi wa matandiko! Duveti au komfota?"

"Duveti," Sunneva alijibu bila kusita. "Nimefua komfota mara moja, inatosha. Nami nataka nikusanye manyoya kwa mikono yangu."

"Basi mimi nitaendelea kukucheka ukimezwa na foronya!" Kari akasema.

"Na mimi pia," alisema Bryndis. "Nimeomba ruhusa nibaki mpaka msimu wa manyoya uishe. Yakizidi, Shangazi, naomba hata ya mto mmoja."

"Ukiyafanyia kazi, utapata," mama alijibu. "Ingieni, tukanunue kitambaa na nyuzi."

Bibi Ragna alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele ya nyumba, mgongo ameupa ukuta wenye joto la jua. Sunneva alimkimbilia kumuaga, akainama karibu na sikio lake.

"Bibi, wewe umelalia kila aina. Hivi kweli ipi inapasha joto zaidi?"

Bibi aliushika mkono wake, akavipapasa vidole vyake vyenye alama za sindano.

"Zote mbili zinapasha joto, mjukuu wangu. Duveti ni rahisi kuiweka safi, komfota ni rahisi kuitandika, na kila mtu achague kwa kadiri ya maisha yake. Lakini mtu aliyemsingizia mwenzake, hata umfunike zote mbili na blanketi juu, atatetemeka mpaka asubuhi. Wewe umeshayaona hayo, sina haja ya kukuhadithia. Kosa lisemwe lingali bichi, maana hapo ni la mtu mmoja na hufuliwa siku moja. Likifichwa, huwalowesha hata wasiokuwamo."

"Nimesikia, Bibi."

"Basi nenda. Na uniletee nyuzi nyeupe imara. Zile nyota zako zilizolewa bado zinahitaji mtu wa kuzishika mkono."

Sunneva alicheka, akambusu shavuni, akakimbilia garini, ambako Kari alikuwa ameshamwekea nafasi karibu na dirisha.